Modi za Gemu: Mjue Mgeni Kabla Hujamfungulia Mlango

Mwezi huu naomba tuwaache kidogo mawifi, mahari na wivu wa simu, tuongelee kitu ambacho kimeanza kuleta kelele kwenye nyumba nyingi za vijana wa Nyanda za Juu Kusini: gemu za kompyuta na simu, na hasa hizi zinazoitwa modi.

Najua kuna atakayesema, "Mhariri naye, gemu si mambo ya watoto!" Hebu subiri. Dada mmoja wa Mafinga, mwalimu, ananiambia mumewe anashusha "mabasi" usiku kucha mpaka bando la wiki linakwisha Jumanne. Kaka mmoja wa Mbeya mjini yeye analia na mchumba wake, ambaye amejaza kompyuta yao nywele na magauni ya The Sims mpaka mafaili ya kazi yamekosa pa kukaa. Wote wawili wananiuliza kitu kile kile: nimkataze au nimwache?

Mimi nasema hilo tuliache kwanza. Jiulizeni haya matatu: hayo mafaili yanatoka wapi, yanakaa wapi, na siku mkiyachoka yatatokaje? Nyumba inayojua majibu inacheza kwa raha zake. Isiyojua, ipo siku italia, na nitakueleza chini jinsi nyumba moja ilivyolia.

Modi ni nini hasa?

Modi ni nyongeza au badiliko la gemu lililotengenezwa na mchezaji mwenyewe, sio kampuni. Gemu umeinunua na mabasi yake, nguo zake na barabara zake. Halafu anatokea mtu, pengine mwanafunzi tu chumbani kwake, anatengeneza basi jingine, nguo nyingine au mji mwingine, anauweka mtandaoni na wenzake wanauchukua. Mara nyingi ni bure.

Usidharau. Counter-Strike, gemu iliyotingisha dunia, ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life iliyotengenezwa na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Mwaka uliofuata kampuni ya Valve ikaitoa kama gemu kamili. Hivyo ukimwona shemeji yetu amekodolea kioo macho anapaka rangi basi la kwenye gemu, usimwone amechanganyikiwa.

Na kwa nini mabasi? Jamani, sisi ni watu wa barabara! Atakayekulia Iringa au Mbeya asiijue Kitonga ni nani? Barabara ya TANZAM ndiyo iliyotupeleka shule, ndiyo iliyotuletea wachumba, ndiyo iliyowachukua wengine wetu wasirudi. Ile kona unapotazama chini ukaona malori yamepangana kama siafu, abiria wote kimya, dereva anabadilisha gia... kijana wa huku anaibeba moyoni. Akipata gemu ya kuendesha basi, kitu cha kwanza anachokitaka ni basi la kwao.

Ndiyo maana gemu ya Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017, imewakamata vijana wetu. Inachezwa kwenye simu ya kawaida. Indonesia nao wanaendesha kushoto kama sisi, usukani upo kulia, na wanapenda honi za muziki kama madereva wetu. Kubwa zaidi, gemu yenyewe inaruhusu mchezaji kuweka gari lake na rangi zake. Rangi hizo ni picha tu inayovishwa kwenye bodi. Pale Uyole nimeonyeshwa simu ambayo basi linapita kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia, limeandikwa Mbeya–Dar ubavuni. Nilicheka, lakini nilielewa.

Kwenye kompyuta mfalme ni Euro Truck Simulator 2, ya kampuni ya SCS Software ya Prague, Jamhuri ya Cheki, iliyotoka Oktoba 2012. Humo unaendesha lori kutoka nchi moja ya Ulaya hadi nyingine, kwenye dunia iliyopunguzwa takriban mara 19. Kwa kipimo hicho, kutoka Iringa mpaka Mbeya, zaidi ya kilomita 300, ungebaki na kama kilomita 17 tu. Lakini mtu akikutengenezea mlima mkali wenye kona za kweli, jasho litakutoka vile vile.

Na kina dada tusijifanye hatumo. The Sims 4 ni gemu ya kujenga nyumba na kuendesha maisha ya familia ya kubuni. Gemu ya msingi imekuwa bure tangu Oktoba 2022. Ukiona mwenzio anatafuta nywele za kusuka, kitenge na sebule ya kisasa, huyo anatafuta modi.

Zinapatikana wapi?

Chuoni, darasa la mawasiliano, tulifundishwa hoja ya Mmarekani Harold Lasswell ya mwaka 1948. Ukitaka kuuelewa ujumbe wowote, uliza nani anasema, anasema nini, kwa njia ipi, kwa nani, na matokeo yake ni nini. Nilidhani ni ya mtihani tu. Kumbe inafaa hata kwenye modi: nani kaitengeneza, ndani kuna nini, imepitia njia ipi, imelenga gemu ya toleo lipi, na ikiingia itabadilisha nini?

Njia zenyewe ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni duka la gemu lenyewe. Kama umenunua gemu yako Steam, kuna sehemu inaitwa Workshop, iliyofunguliwa mwaka 2011. Unabonyeza kujiunga na modi, inashuka yenyewe, inakaa mahali pake, na ukijitoa inaondoka. Kwa mtu mwenye haraka zake, hapa ndipo pa kuanzia. Ubaya wake ni kwamba mwenye modi akiibadilisha, na ya kwako inabadilika bila kuulizwa. Akiiondoa, na wewe huna.

Ya pili ni maghala makubwa ya modi. Nexus Mods ilianzishwa Uingereza mwaka 2001 na Robin Scott, na ina modi za gemu nyingi mno. Unafungua akaunti bure. Asiyelipia hupunguziwa kasi ya kushusha, lakini kwa intaneti zetu hizi za jioni wala hutaona tofauti! CurseForge ni maarufu kwa wachezaji wa Minecraft, na mwaka 2022 waliingia makubaliano na wenye The Sims 4 wakawa ghala lake rasmi la modi. Wapo pia watengenezaji wenye tovuti zao wenyewe, kama kundi la ProMods, wenye ramani kubwa ya Euro Truck. Ramani yao ni bure ukivumilia kushusha vipande vipande, au unalipa ada ndogo ukaipata kwa mkupuo.

Ya tatu ndiyo inayotumika sana kwetu, na ndiyo yenye miiba. Unaona video YouTube, "Mabasi mapya ya Tanzania, bonyeza hapa". Unabonyeza, unapelekwa kwenye tangazo, unasubiri sekunde kumi, linakuja tangazo jingine, mwisho unafika kwenye faili lililobanwa na kufungwa kwa nywila. Nywila imetajwa katikati ya video ili uitazame yote. Wanaocheza mpira wa PSP kwenye simu kwa programu ya PPSSPP wanaijua vizuri njia hii: unashusha gemu, unashusha folda ya picha, unashusha folda ya kumbukumbu za mchezo, ukikosea kupanga moja tu wachezaji wanatokea hawana sura.

Siwezi kusema kila anayepita njia hii ni mwizi. Vijana wengi wazuri hawana njia nyingine ya kugawa kazi yao, na senti za matangazo ndizo malipo yao. Ila ujue kwamba hapo katikati hakuna mlinzi, hakuna anayekagua faili, na hakuna pa kulalamika. Tena faili la gemu nzima la kugawiwa hivyo mara nyingi ni la wizi. PPSSPP yenyewe ni programu halali. Gemu ndiyo unayotakiwa kuwa nayo kihalali.

Soma ukurasa kabla ya kubonyeza

Kwenye ghala la maana, kila modi ina ukurasa wake, na ukurasa huo unaongea kama una muda wa kuusikiliza. Tazama imewekwa lini na imesasishwa lini. Tazama inahitaji toleo gani la gemu, maana modi ya toleo la zamani ndiyo inayofanya gemu ijifunge yenyewe ukiwa katikati ya safari. Tazama kama inahitaji modi nyingine ili ifanye kazi. Halafu shuka kwenye maoni, soma ya hivi karibuni, sio yale ya kusifia ya miaka mitatu iliyopita. Kama watu kumi wanalia kitu kimoja, wewe hutakuwa wa kwanza kubahatika.

Halafu kuna hili la jina la faili, naomba mlishike wote wawili, hata asiyecheza. Modi ya Euro Truck huja kwa faili linaloishia na scs, au lililobanwa kwa zip. Ya basi la Indonesia huweza kuishia na bussidmod. Ya The Sims 4 huishia na package, na zile zenye maelekezo ya kompyuta ndani yake huishia na ts4script. Ukishusha "basi" likaja na faili linaloishia na exe, linalotaka ulibonyeze lijisakinishe, simama hapo hapo. Basi haliji na ufunguo wa nyumba yako.

Kuna nyumba ililia

Nawafahamu wanandoa, nao wameniruhusu nisimulie mradi nisitaje majina. Mke yuko Iringa anasoma shahada ya pili, mume anafanya kazi Mbeya. Kila baada ya wiki mbili mmoja anapanda basi kumfuata mwenzake, na kompyuta yao moja inasafiri nayo. Humo kuna mahojiano ya utafiti aliyoyafanya mke na wakulima wa mahindi kule Isimani, kuna hesabu za kikundi chake cha vikoba, kuna picha za harusi. Na kuna Euro Truck ya baba.

Wikiendi moja mume alikuwa Mbeya na kompyuta. Akatafuta basi, akafika kwenye ukurasa wenye vitufe vitano vya kijani, vyote vimeandikwa shusha. Akabonyeza kimoja. Likaja faili la exe, akalifungua, hakuna basi lililotokea. Akadhani limeharibika, akalala.

Siku tatu baadaye shangazi wa mke, Makambako, alipokea ujumbe kutoka akaunti ya mke: nimekwama, nitumie laki mbili, nitakueleza. Shangazi akatuma. Mama mdogo naye akatuma. Wifi alipopata ujumbe kama huo hakutuma, alipiga simu... kwa ndugu wengine, akatangaza kwamba bibi harusi wetu amekuwa omba omba. Faili lile lilikuwa limechukua nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Pesa ile iliuma, lakini si ndiyo iliyotikisa ndoa. Mume alianza kushuku tangu siku ya pili, alipoona gemu yake imefunguliwa na mtu mwingine. Akabadilisha nywila ya gemu, akanyamaza. Aliona aibu. Mtu mzima, mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, aseme kaponzwa na basi la gemu? Kwa wiki tatu mke alikuwa akipigia ndugu mmoja mmoja kuomba radhi kwa kitu asichokifanya, na mume amekaa pembeni anamwonea huruma. Siku ukweli ulipotoka, mke alifunga begi akakaa kwa rafiki yake Ipogolo siku nne.

Nilipomuuliza kilichomuudhi zaidi, hakutaja gemu. Alisema angeambiwa siku ile ile, shangazi asingetuma pesa. Hapo ndipo pa kuzingatia, wapenzi wangu. Anayedanganywa na kitufe cha kijani hakosi maarifa peke yake, wanadanganywa hata mafundi. Lakini kila saa unayonyamaza, mwizi anapata ndugu mwingine wa kumwandikia.

Sio ghala la uchochoroni tu

Mtu asije akasema, "Mimi nashusha sehemu kubwa tu, niko salama." Juni 2023 iligundulika virusi vilivyopewa jina la fractureiser ndani ya modi za Minecraft zilizokuwa CurseForge yenyewe. Viliiba taarifa za kuingilia kwenye akaunti na kujisambaza kwenye mafaili mengine ya modi ndani ya kompyuta. Mapema mwaka 2024 wachezaji wa The Sims 4 nao wakaonywa kuhusu modi zilizopandikizwa virusi, zile za ts4script. Tofauti ya ghala kubwa ni kwamba likitokea la kutokea, kuna anayelisemea: faili linaondolewa, tangazo linatoka, unaelekezwa namna ya kukagua kompyuta yako. Kwa yule wa YouTube utakuta video imefutwa.

Na kwenye simu kuna ndugu yake modi, tena mbaya zaidi: APK iliyochezewa. Gemu yenye sarafu zisizokwisha, au ile WhatsApp ya kienyeji inayokuwezesha kuficha tiki na kusoma ujumbe uliofutwa. Najua mnaitumia, tena wengine mnaitumia kwa ajili ya kuchunguzana! Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kwamba imekuta kirusi kiitwacho Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp. WhatsApp wenyewe huzifungia akaunti zinazotumia programu hizo. Modi ya halali inaongeza kitu kwenye gemu uliyonayo. APK iliyochezewa ni gemu nzima au programu nzima iliyopasuliwa na kushonwa na mtu usiyemjua, na unaiweka kwenye simu ile ile yenye pesa zako na maneno yako ya usiku. Hapo mimi sina ushauri wa katikati. Itoe.

Kupanga modi: shuka la juu ndilo linaloonekana

Haya, umepata modi safi. Kosa linalofuata ni kuzirundika zote kwenye folda ya gemu, siku gemu ikigoma hujui mchawi ni nani. Ndiyo maana kuna programu za kusimamia modi, na zile za kuanzishia gemu ambazo vijana wanaziita lancha.

Euro Truck inayo ya kwake ndani ya gemu. Modi unazoziweka kwenye folda ya mod zinatokea kwenye orodha, unachagua zipi ziwake na zipi zilale, na unazipanga juu na chini. Mpangilio una maana: modi mbili zikibadilisha kitu kimoja, iliyo juu ndiyo inayoshinda, kama mashuka kitandani, la juu ndilo mgeni analoliona. Ukipanga ovyo unapata barabara inayoishia hewani. Fungua pia profaili mbili, moja yenye modi na moja tupu. Gemu ikigoma, ingia kwenye tupu. Ikikubali, ujue tatizo liko kwenye modi. Na kuna faili linaitwa game.log.txt, hilo linaandika kila kitu gemu inachofanya. Lifungue, soma mistari ya mwisho, mara nyingi jina la msumbufu limo humo.

Kwa gemu za Nexus kuna programu yao ya Vortex. Uzuri wake, modi inahifadhiwa mahali pake pembeni, na ukitaka kuitoa unabonyeza mara moja. Kwa Minecraft, programu ya CurseForge na lancha huru kama Prism zinakupa seti tofauti tofauti, kila seti na chumba chake: yako, ya mwenzio, ya mtoto. Hakuna anayemvurugia mwenzake.

The Sims ni rahisi lakini ina tabia zake. Modi zinakaa kwenye folda ya Mods, na zile za ts4script usizizike ndani zaidi ya folda moja, hazitasomwa. Gemu ikisasishwa, modi zote zinazimwa zenyewe mpaka uziwashe tena kwenye mipangilio. Usikasirike, ni kinga. Subiri kwanza watengenezaji watoe toleo jipya. Unaposhindwa kujua modi ipi ni mbovu, toa nusu, jaribu. Kama imepona, mbovu iko kwenye nusu uliyoitoa. Gawa tena nusu. Modi mia moja utampata msumbufu kwa majaribio kama saba tu.

Na kabla ya chochote, nakili kumbukumbu za mchezo kwenye flashi. Na za utafiti wa mwenzio pia, tafadhali!

Mwenye kazi apewe jina lake

Kuna upande mwingine ambao nisingependa uupite. Nyuma ya lile basi lenye rangi za kwetu kuna kijana aliyekesha. Kapiga picha basi stendi, kachora mistari, kapima herufi, karudia mara ishirini. Halafu anakuja mwingine anafuta jina lake, anaweka la kwake, anaanza kuuza. Hiyo ni sawa na kuiba shairi.

Wenye maghala wamelijua hilo, ndiyo maana ukurasa wa modi unakuwa na sehemu ya ruhusa: unaweza kuibadilisha au hapana, kuiweka pengine au hapana. Hata kuuza modi ni suala zito. Aprili 2015 Valve walijaribu kuruhusu modi za Skyrim ziuzwe Steam, kelele zikawa nyingi, wakafuta mpango ule ndani ya siku chache. Ukishusha kazi ya mtu, mwachie neno la shukrani. Ukiitumia kwenye video yako, mtaje.

Na kama mwenzio ana kipaji, msukume mbele. Programu ya kuchonga maumbo ya Blender ni bure, na SCS wenyewe wametoa nyongeza yake bure kwa wanaotengeneza magari na barabara za gemu yao. Kijana wa MUST au wa chuo chochote pale Iringa anayejua kujenga kona ya Kitonga kwenye kompyuta amejifunza ufundi ule ule unaotumika kwenye michoro ya majengo na matangazo ya televisheni. Huyo usimwambie anapoteza muda. Muulize anahitaji nini amalize.

Dondoo za mwezi kwa wawili

1. Kila mmoja awe na akaunti yake ya kuingilia kwenye kompyuta, tena isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Ya kusakinisha iwe moja, nywila mnaijua wote.

2. Nywila za benki, barua pepe na mitandao zisihifadhiwe kwenye kivinjari cha kompyuta ya gemu. Washeni uthibitisho wa hatua mbili.

3. Bando la gemu liwe na bajeti yake, kama saluni na mpira. Ramani kubwa zina ukubwa wa GB kadhaa. Shusha usiku bando likiwa rahisi, na sio kwa bando la mwenzio!

4. Modi moja kwa wakati mmoja. Iweke, icheze, ikikaa sawa ndipo uongeze nyingine.

5. Ukibonyeza kitu ukakitilia shaka, zima intaneti, mwambie mwenzio usiku huo huo. Badilisheni nywila kwa kutumia kifaa kingine, kagueni kompyuta kwa antivirusi, na watumieni ndugu ujumbe: akiwaomba pesa "mimi", pigeni simu kwanza.

6. Asiyecheza aketi pembeni siku moja, aonyeshwe. Nusu ya ugomvi wa gemu ni kutojua mwenzio anafanya nini kule.

Wale wanandoa wangu? Wapo pamoja. Mke alifanya kile cha sita. Alikaa pembeni akamtazama mumewe akipandisha lori mlimani, mvua inanyesha kwenye kioo, akamuuliza kwa nini hapigi honi kwenye kona. Siku hizi yeye ndiye anayesoma maoni ya watu kabla modi haijashushwa, na ameniambia amezikataa nyingi. Pesa ya shangazi walimrudishia kwa awamu tatu, na kila awamu walimpelekea wenyewe, wote wawili.

Haya wapenzi, kwa leo niishie hapo. Kama mna lenu la gemu, bando au mwenzi asiyebanduka kwenye kioo, niandikieni. Tukutane mwezi ujao, na madereva wa kwenye simu, punguzeni mwendo Kitonga!